Kutuza Pasipotuzwa

Alhamisi, 15 Januari 2026

Joto. Feni inazungusha vumbi tu. Trupti wa duka la vifungo la mkabala ana tiketi mbili za mchezo wa jukwaani, wa nyimbo tupu, ukumbi wa kule Posta. Keshokutwa saa kumi na mbili jioni. Mumewe haendi. "Bi Mgeni, miaka kumi na minne Kariakoo hujafunga mapema hata siku moja. Twende ukacheke." Nimemwambia nitafikiria. Nilikuwa nimeshafikiria.

Jumamosi, 17 Januari

Tumekaa safu ya tisa. Safu ya sita — dada Chiku. Kisogo chake nakijua.

Miaka miwili na miezi mitatu hatusemeshani. Harusi ya mwanawe, sare ya ukoo doti arobaini na mbili, akanunua duka jingine. Mimi mdogo wake wa tumbo moja, muuza kanga, duka nimelianza na meza ya barabarani! Nikaletewa doti yangu kama mwalikwa. Tangu siku ile shikamoo yangu hajaipata.

Mchezo wenyewe mtamu. Bibi harusi ana wachumba watatu, na kila akiulizwa anajibu kwa wimbo. Nimecheka mpaka Trupti kanipa leso. Wimbo wa nne, somo wake, yule wa kumfunda, akaimba kuhusu ndugu. Sauti ile — sikukaa. Nikachomoa elfu tano, nikashika njia katikati ya viti, nacheza taratibu, mkono juu, kama kwenye taarabu yoyote. Nafika jukwaani ndiyo naona niko peke yangu. Hapa hawatuzi. Mwimbaji kanyamaza. Msimamizi ananinong'oneza: mama, rudi ukae, mchezo unaendelea. Watu kama mia tatu. Sikujua narudi vipi.

Mara harufu ya udi nyuma yangu. Dada Chiku, noti mkononi, anacheza. Tangu usichana, mmoja wetu akienda kutuza mwingine anamfuata. Akamwambia msimamizi: "Tuache tumtuze, baba. Mtaendelea." Ukumbi ukapiga makofi. Mwimbaji akapokea, akaanza ubeti upya.

Tukarudi, kila mtu kitini kwake. Hatukusemeshana.

Jumapili, 18 Januari

Nimefua. Nimejikuta naimba.

Jumatatu, 19 Januari

Trupti anamsimulia kila mteja. Saa nne na dakika kumi kaingia dada Chiku dukani kwangu. "Humu mna kanga za kumtoa mjukuu arobaini? Nataka sare, doti hamsini." Kama anauliza ukuta. Nane zaidi ya harusi.

Nimevuta daftari hili, najifanya nahesabu mzigo. Dakika ya saba sasa. Ameshika kanga moja nyekundu, anaikunja, anaikunjua. Mkubwa haanzi kusalimia. Anasubiri shikamoo yangu. Mlangoni kwake Trupti kaacha kupanga vifungo.

Nimepangusa kiti cha wageni, nimekisogeza. Amekitazama. Haketi.

Nafunika kalamu —