Chungu cha Arobaini ya Mama

Jeppestown,
Johannesburg,
Afrika Kusini.
7 Septemba 2025

Mpendwa Dada Najma,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo dada yangu. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto wote hapo Ngamiani. Na mguu je, ule uliokuwa ukivimba ukisimama sana jikoni? Tafadhali usiupuuze kama Mama alivyoupuuza wake. Mimi kwa upande wa mwili sijambo. Baridi ya huku imeanza kulegea na kifua kimepona.

Najua utashangaa kuona karatasi zama hizi za simu. Lakini simu zangu hupokei, na sauti niliyokutumia mara ya mwisho sijui kama uliisikiliza hata nusu. Kijana wetu Khatibu anapanda basi Jumanne kwenda nyumbani, nimemwomba akukabidhi mkononi. Isome mpaka mwisho, hata kama umenikasirikia.

Kwanza nikupe pole tena. Sisi wawili tumefiwa na mama mmoja, lakini wewe ulimwosha na mimi nililia ukutani. Karatasi zangu za ukaazi zilikuwa zimekwisha muda, na ningetoka nisingeweza kurudi. Hilo unalijua. Bado linaniuma kila nikiamka.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Nimesikia kwamba huko Tanga inasemwa Biubwa amewalisha watu nguruwe kwenye arobaini ya mama yake. Nimesikia pia kwamba wewe ulipoambiwa hukukanusha. Sikulaumu, dada. Ila nataka uujue ukweli wote, na ukweli huo una sehemu inayonitia aibu kuliko hiyo wanayoisema.

Unamjua Bi Brigitte kwa jina, yule bikizee ninayempikia kule Kensington, mlimani juu ya Malvern. Ana miaka themanini na minne. Kwao ni Alsasi, mahali palipo kati ya Ufaransa na Ujerumani, na wakubwa hao wawili wamepanyang'anyana mara nyingi. Nyanya yake alizaliwa Mjerumani, akawa Mfaransa, akawa Mjerumani tena, akafa Mfaransa, na nyumba hakuhama. Sisi tuliopitiwa na Mjerumani kisha Mwingereza tunalielewa kidogo hilo. Basi na chakula chao ni hivyo hivyo, cha huku na huku. Kuna kabichi la kuchachusha kwa chumvi, kuna mkate mwembamba wa vitunguu na malai, kuna keki ya lozi yenye tundu katikati. Nimefundishwa vyote, na vingine sijavionja kwa sababu unazozijua.

Kinachonikumbusha nyumbani ni chungu chao kimoja kiitwacho bekofe. Nyama na viazi na vitunguu hupangwa tabaka kwa tabaka, kisha mfuniko huzibwa kwa unga uliokandwa, mvuke usitoke. Ni kama Mama alivyokuwa akiziba sufuria ya biriani kwenye harusi za watu, akipalia makaa juu, na ole wake atakayefunua kabla ya wakati! Nilimsimulia kwenye simu akacheka sana. Akasema, "Basi hao Wazungu wako wana akili. Siku moja nipikie hicho, uyatoe mambo yao ya haramu, nionje." Hakuwahi kuonja.

Ndiyo maana ilipofika arobaini nikataka chungu hicho kiwepo. Pilau alipika Bushra, yule Mzanzibari anayeuza madira mjini. Chungu kilikuwa kwa ajili ya Mama tu. Bi Brigitte alitoa kabatini chungu kipya alicholetewa na dada yake, hakijawahi kuonja moto wala nyama yoyote, kwa sababu mwenyewe alijua vyungu vyake vya kila siku visingefaa. Nyama ya kondoo nilinunua kwa mchinjaji Mwislamu. Nikaikata mimi, nikaipanga mimi. Mahali pa mvinyo nilitia ndimu na supu ya mifupa. Unga nilikanda kwa mkono huu ninaoandikia. Yeye aliketi kwenye kiti akimenya viazi na kuniuliza Mama alikuwa mtu wa namna gani.

Nikamwalika. Akaja chumbani kwangu amejifunga mtandio, akavua viatu, akakaa mkekani na magoti yake mabovu. Dua ikasomwa, chakula kikaletwa. Bushra ndiye aliyeuvunja unga, harufu ikajaa chumbani, kila mtu akasema mashaallah. Mimi nikatoka kwenda kuchota maji ya kunawa.

Nilipokuwa nje, Sumaiya, mmoja wa wanawake wenzetu wa hapa, akamwuliza bibi kwa Kiingereza chakula hiki hupikwaje. Bikizee akafurahi. Nani humwuliza siku hizi? Akaanza kusimulia cha kwao, cha mama yake: nyama za aina tatu, ya ng'ombe, ya kondoo na ya nguruwe, zilale kwenye mvinyo mweupe usiku kucha, asubuhi ya Jumatatu wanawake wakipeleke kwa mwoka mikate ili wapate nafasi ya kufua nguo. Hajafika kwenye "lakini hiki cha leo", watu walikuwa wamekwisha kusikia walichosikia.

Niliporudi, mikono ilikuwa imesimama hewani. Sumaiya anatema kwenye karatasi. Bushra akanigeukia: "Eish, Biubwa! Umetulisha nini leo, siku ya mama yako?"

Macho yote yalikuwa kwangu, dada. Ningeweza kusema neno moja tu, wallahi ni kondoo, nimepika mwenyewe. Badala yake nilimnyooshea kidole bikizee wa watu nikasema, "Mimi nilileta nyama tu. Kutia alitia yeye."

Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko ulimi. Niliogopa. Niliona nitatengwa na hawa wachache nilio nao, watakaonizika nikifa huku. Bi Brigitte hajui Kiswahili, ila Sumaiya alimfasiria. Akanitazama. Alikuwa na nafasi ya kuniumbua, akaingoja kauli yangu, mimi nikatazama mkeka. Basi akawaomba radhi wote. Akaomba radhi kwa kosa ambalo halikuwepo, akavaa viatu, akaenda zake. Chakula cha Mama tukakimwaga kwenye mfuko mweusi, tukakitoa nje na taka; chungu kitupu nikampelekea kwa mkono wa mtu.

Jumatatu nilikwenda kazini. Nilimkuta amekiosha kile chungu, amekifunga kwa gazeti. Nilipomwomba msamaha aliniambia kwamba wakati wa vita, Wajerumani waliporudi kwao, kusema Kifaransa kulikuwa kosa. Mama yake akaulizwa na askari mbele ya duka kama anamjua jirani yao Mfaransa, mwanamke aliyemnyonyeshea mwanawe. Akasema hamjui. "Mama aliishi miaka arobaini baada ya hapo," akasema, "na hakwenda kumwambia yule jirani kosa lake." Kisha akaniuliza kama tutaanza na vitunguu.

Nimekaa na maneno hayo mwezi mzima. Leo baada ya adhuhuri nilikwenda kwa Bushra, wanawake wote wakiwepo, nikasema haya haya niliyokuandikia hapa. Bushra alilia. Sumaiya akasema nimewadhulumu mara mbili, kuwadanganya na kuwafanya wamtuhumu mgeni, na ni kweli. Wengine hawajanisemesha, huenda hawatanisemesha tena. Kesho wawili kati yao wanafuatana nami kwenda kwa bibi. Sijui atatupokea vipi.

Kwako nina ombi moja. Usinifichie. Barua hii uisome kwa sauti mbele ya Shangazi Mwanahamisi na kila aliyelisikia lile jambo, ujue nami nitaona haya nikiwa mbali. Waambie siku ile hakuna aliyekula nguruwe. Waambie nyama ya haramu tuliyokula ilikuwa ya mwili wa yule bikizee tuliyemsingizia, na wa kwanza kuikata nilikuwa mimi, binti wa mama yako.

Nisalimie shemeji, Mjomba Ahmad na Shangazi Mwanahamisi. Watoto uwabusu mmoja mmoja. Ukienda kaburini, mwombee Mama na kwa niaba yangu, maana tangu siku ile mimi naona haya kumtaja. Mungu akuweke, akuponye mguu, na akulainishie moyo juu yangu. Nikisikia simu yako nitajua umeisoma.

Mdogo wako akupendaye hata usipompokelea simu,
Biubwa