Sukuma ya Nafula

Jumatatu, 3 Machi
Nimekimbia hadi kona ya Menengai na kurudi. Peke yangu, kama kila Jumatatu. Vumbi tupu, mvua bado inatuchezea. Nilipofika nyumbani fulana ilikuwa imekauka mgongoni, na mistari myeupe imebaki. Chumvi hiyo, imenitoka kwa jasho. Kamau wa mbio za Jumamosi husema usipoirudisha mwili utakudai.

Nimepika sukuma wiki. Kitunguu, nyanya, chumvi. Haikuwa yenyewe. Nikaongeza chumvi, ikawa sukuma ya chumvi. Tangu tumzike mke wangu Nafula mwezi wa Agosti sijaipata ladha ya sukuma yake hata mara moja, na miaka yote hiyo alikuwa akiipika hapo mbele ya macho yangu. Macho yenyewe yalikuwa kwenye taarifa ya habari.

Nimekula nimesimama. Kukaa mezani peke yangu sitaki.

Jumatano, 5 Machi
Binti yangu Nekesa amepiga simu kutoka Eldoret. Tumeongea kidogo tu, mtoto wake alikuwa analia. Ameniuliza kama nakula. Nimesema nakula vizuri, nanenepa hata. Uongo mtupu. Alipokata nimeiwasha redio na kuiacha hivyo mpaka usingizi.

Jumamosi, 8 Machi
Siku njema. Tumekutana pale kituo cha petroli saa kumi na mbili asubuhi, sisi wale wale wa Jumamosi, wazee wa miguu ya chuma. Kamau aliniita "Baba Nekesa!" kutoka ng'ambo ya barabara, mtaa mzima ukasikia. Wiki nzima hakuna mtu aliyekuwa amenitaja jina. Dukani naitwa boss, mlinzi wa benki ananiita mzee.

Huyu Kamau huuza mahindi. Huyatoa Rongai, na huko huko ana ng'ombe. Kila Jumamosi huja na chumvi kwenye kikaratasi na kumtilia kila mtu kwenye chupa yake ya maji, kwa lazima, kama padri. Leo amenipa mahubiri tena. "Ng'ombe yangu ikipanda ile hill naipatia chumvi ilambe. Sasa wewe mzee unapanda Menengai na maji tupu?" Tumecheka. Tumekunywa. Tumepanda, tumeshuka, tumekula mayai ya kuchemsha kwa kachumbari na chumvi juu. Shughuli nzima haizidi saa moja na nusu hivi, lakini mimi huishi wiki nzima kwa hiyo saa moja na nusu.

Saa mbili nilikuwa nimesharudi nyumbani. Siku ilibaki ndefu.

Jumanne, 11 Machi
Kichwa kinauma. Raba zinanibana, na soksi zimeacha alama kwenye vifundo vya miguu. Nadhani ni hizi kamba mpya.

Sukuma tena. Chumvi kijiko, halafu kijiko kingine. Najua Nafula alikuwa na kitu alichofanya, na kitu hicho ni lazima kiwe chumvi, maana zaidi ya chumvi mimi sijui kitu kingine cha jikoni. Isitoshe mimi ni mtu wa mazoezi. Inatoka, inarudi.

Alhamisi, 13 Machi
Kichwa tena. Sijamwambia mtu. Nimwambie nani?

Jumamosi, 15 Machi
Aibu.

Katikati ya mlima barabara ilianza kuyumba. Nikakaa kwenye jiwe. Kamau akasema chumvi imeniishia, akanimwagia ile ya kikaratasi kwenye kiganja, nami nikailamba yote huku wenzangu wamenizunguka wakinitazama. Haikusaidia. Kamau akaenda mbio kuleta pikapu yake, akanipeleka zahanati.

Daktari ni msichana mdogo kuliko Nekesa. Alinipima presha, akangoja, akanipima tena. Namba ya juu haikumpendeza. Akauliza nakula nini. Nikamweleza habari ya chumvi, tena kwa maringo, nikidhani atanisifu. Akasema, "Mzee, hiyo uliambiwa na nani?" Sikumtazama Kamau. Kamau naye alikuwa anaisoma kalenda ya ukutani kwa bidii.

Alinieleza polepole. Kuna wanaokimbia masaa mengi juani na jasho likawatoka kweli kweli. Hao pengine watahitaji kuongeza, na si kwa kubahatisha. Mtu anayekimbia saa moja akarudi nyumbani kula ugali na mboga, chumvi iliyomo kwenye chakula chake inamtosha, na kubaki. Na mtu wa presha kama mimi akiongeza, anajimaliza. Amenipa dawa. Nisiongeze hata punje. Nisikimbie mpaka namba ishuke, nirudi baada ya wiki mbili. Isiposhuka, mlima niusahau.

Nikamuuliza, na Jumamosi? Akadhani namfanyia mzaha.

Jumatatu, 17 Machi
Ugali na sukuma bila chumvi. Nyasi. Nimemeza dawa, nikamwaga chakula, nikalala na njaa.

Jumamosi, 22 Machi
Niliamka saa kumi na moja kama kawaida, nikavaa raba, ndipo nikakumbuka. Nikakaa nazo kitandani.

Walipita barabara ya juu. Kicheko cha Kamau hakifichiki. Nilifikiri mmoja wao atashuka abishe hodi, hata kunijulia hali tu. Hakubisha mtu. Nimewakasirikia wote. Nimemkasirikia yule daktari. Nafula nimemkasirikia kuliko wote, kwa kuondoka na kuniachia jiko nisilolijua.

Mchana nimeifungua pakiti ya chumvi. Nimemimina kwenye kiganja. Nilitaka kitu kimoja katika nyumba hii kiwe na ladha. Nimesimama nayo muda mrefu, halafu nikanawa mikono. Kama namba haitashuka nitakuwa mtu wa kusikiliza wenzake wakipita, na hilo linanitisha kuliko kifo chenyewe.

Jumatano, 26 Machi
Nekesa amepiga. Sijui nini kimenipata, nimemmwagia yote. Mlima, zahanati, dawa. Nikamwambia chakula bila chumvi si chakula, kwamba mama yake alinilisha chakula chenye chumvi miaka yote na presha yangu ilikuwa sawa.

Nekesa akanikatiza.

"Baba, kwani hukujua? Mum aliacha kutia chumvi kitambo. Tangu siku ile ulipimwa presha kazini ikapatikana iko juu."

Nikamwambia hajui asemalo. Akasema anajua, yeye ndiye aliyekuwa anamkatia majani ya dania. Chumvi hamna kabisa, au ya kuonja tu. Ni ndimu, dania na tangawizi kidogo, mwishoni, baada ya kuzima moto, halafu unafunika.

Nikauliza mbona hakuniambia.

"Angekuambia, ungekula?"

Nimemkatia simu mwanangu. Nitamwomba msamaha kesho.

Kwa hiyo nilidanganywa. Kila siku, mezani pangu, na mke wangu mwenyewe. Kiwandani nilikuwa nawatambia vijana kwamba presha yangu imeshushwa na mbio, nao wakaamini. Pakiti moja ya chumvi ilikuwa ikikaa miezi, nami nikidhani ni ubahili wake, tena nikamtania mbele ya wageni. Akacheka pamoja nasi, akanipakulia.

Alhamisi, 27 Machi
Nimemwomba Nekesa msamaha. Amesema si kitu.

Ndimu sijanunua. Naogopa. Isipokuwa yenyewe nitakuwa nimempoteza mara ya pili. Ikiwa yenyewe sijui nitafanya nini.

Jumamosi, 29 Machi
Imenyesha usiku, hatimaye. Barabara haina vumbi.

Nilikwenda zahanati mapema. Namba imeshuka. Haijafika anapotaka, ila imeshuka. Daktari amesema nitembee, mahali tambarare tu, na nirudi tena. Mlima bado.

Kutoka hapo nikaelekea barabara ya juu. Wenzangu walikuwa ndio wanarudi. Kamau akapunguza mwendo, akanitazama miguu, akaniuliza kama nimepona. Nikasema bado. Akasema atapita kesho baada ya kanisa, tuongee. Halafu akawakimbilia wenzake. Labda atapita. Nimetembea hadi pale mlima unapoanza, nikageuka.

Sokoni nimenunua ndimu, dania na kipande cha tangawizi.

Nimepika jioni. Kitunguu, nyanya, sukuma. Sikutia chumvi. Nikazima moto, nikatia tangawizi na dania, nikakamua ndimu, nikafunika. Redio nilikuwa nimeizima. Nilipofunua harufu ilikuja kabla ya ladha, na nikajua kabla sijaonja.

Ni yenyewe. Ile ile. Ilikuwa hapa sokoni wakati wote.

Nimelia, sana, mwiko mkononi. Kisha nimepakua, nimevuta kiti, nimekaa mezani. Nimekula mpaka ikaisha.