Vumbi la Chumba cha Mbele

Jumatatu, 12 Juni

Kompyuta imezima tena! Swali la thelathini na mbili la mazoezi, tik — kioo cheusi. Nimeweka kiganja juu ya kasha, nikakitoa mbio. Unaweza kukaanga yai pale.

Siku kumi na mbili zimebaki kabla ya mtihani wa ajira ya kudumu. Miaka kumi na moja nafundisha historia kwa mkataba wa muda, kila Agosti nasubiri kuambiwa kama nipo au sipo. Nimechoka na Agosti. Mtihani mwingine ni baada ya miaka mitatu, nitakuwa na hamsini, na fomu inaishia arobaini na tisa. Kwa hiyo ni huu tu. Unafanyika nyumbani, kwa kompyuta yenye kamera, simu hawaitaki. Ukipotea hewani zaidi ya dakika tano — basi, umetoka.

Mama anasema ni vumbi la Sahara. Redio imemwambia. Eti limevuka bahari nzima kuja hapa mjini kwetu Azua kukaa kwenye kompyuta yangu! Amenifumia kitambaa cha kuifunika, cheupe, chenye maua kwenye kingo. Kizuri, siwezi kusema uongo. Nimemshukuru na nimeifunika.

Jumatano, 14 Juni

Leo nimefanya ujinga. Ujinga wa mtaa mzima, lakini.

Hapa kwetu kitu kikijaa vumbi kinapelekwa kwa Blas, fundi wa pancha. Televisheni, blenda, cherehani — Blas anavipiga upepo kwa pampu ya kujazia matairi na kila mtu anarudi kwake ameridhika. Mimi nani nisiende? Nimeibeba kompyuta kwenye toroli ya sokoni, jua la saa nne. Blas akasema, Weka hapo mwalimu, hii ni dakika moja tu.

Wingu likatoka! Tumekohoa wote, mbwa wake akakimbia. Feni ya ndani ikazunguka mpaka ikapiga mluzi, halafu — pah! Panga moja la feni limeruka, limempita Blas sikioni.

Ilikuwa mbovu tangu zamani hiyo, akasema.

Kwa Blas kila kitu kilikuwa kibovu tangu zamani. Nimerudi na toroli yangu, jasho mpaka kwenye viatu. Mama aliposikia akacheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka, kidogo.

Alhamisi, 15 Juni

Sasa inazima baada ya dakika kumi. Nimeshindwa, nimemwita Wascar, jirani wetu wa nyuma. Ni fundi wa kompyuta wa kweli, tatizo lake mdomo tu. Amekuja baada ya chakula, mama akampa kahawa na ukoko wa wali aliokuwa ameuficha. Mimi nilipoutaka mchana niliambiwa umekwisha.

Kitu cha kwanza ameona kitambaa.

"Nani kaivalisha sweta?"

"Mimi," mama akajibu. "Una neno?"

"Sina neno, bibi. Sweta zuri. Ila mgonjwa wetu ana homa."

Mama amemkata jicho, lakini kitambaa akakiondoa mwenyewe, akakikunja taratibu, akakiweka mapajani.

Wascar amefungua ubavu. Feni ya mbele inapuliza ndani. Feni ya nyuma — nayo inapuliza ndani! Aliyeifunga zamani aliifunga kinyume. Akaniuliza, Hewa inaingia huku, inaingia na huku, itoke wapi mwalimu? Inakaa humo humo inagombana. Miaka minne nimeishi na ugomvi huo bila kujua.

Ameigeuza ya nyuma itoe. Ile iliyovunjwa na Blas ameibadilisha kwa nyingine, ameing'oa kwenye mashine mfu. Vumbi ameliondoa kwa brashi ya rangi, taratibu, kidole kimeshika mapanga yasizunguke. Ameniambia, Upepo si dhambi, dhambi ni kuacha feni izunguke ovyo. Prosesa ameipaka upya ile dawa ya kijivu ya kupitisha joto. Kasha tumelipandisha juu ya matofali mawili, maana tukifagia, vumbi la sakafu linaingia lote kwa chini.

Halafu akataka soksi ya nailoni.

Mama akamwuliza anaitakia nini mtu mzima kama yeye. Kumbe ni chujio! Inavutwa juu ya matundu ya mbele, hewa inapita, vumbi linabaki nje. Mama amekwenda kabatini, ametoa ile aliyovaa harusi ya dada yangu, ameikata kwa mkasi wake mwenyewe. Amesema miguu yake haiendi tena harusi. Lakini alikuwa anatabasamu.

Ijumaa, 16 Juni

Saa tatu mfululizo bila kuzima! Joto la mashine kwenye kioo: nyuzi 61. Nimemaliza mazoezi mawili. Namaliza siku bila kichwa kuuma, sikumbuki mara ya mwisho.

Jumatatu, 19 Juni

Nyuzi 74. Sielewi. Sahara imetulia, milima inaonekana vizuri kabisa.

Jumanne, 20 Juni

Imezima saa kumi jioni, swali la arobaini.

Nimevua chujio. Wascar aliniambia nilioshe baada ya wiki moja, hii ni siku tano. Limeziba kabisa. Nilitegemea rangi ya udongo, ile ya Sahara inayobaki kwenye magari. Vumbi hili ni jeupe. Laini, limeshikana. Nimelisogeza puani.

Maua ya zambarau. Poda ya mama.

Mama anaoga mara tatu kwa siku. Kila akitoka anajipaka poda shingoni, kifuani, kwapani, kwa lile pamba lake kubwa, pafu pafu pafu, halafu anakuja chumba cha mbele kukaa kwenye kiti chake cha bembea. Feni ya kusimama iko mgongoni kwake. Mbele yake — kompyuta. Feni inapita kwa mama, inachukua poda, inaipeleka moja kwa moja kwenye kasha. Kila siku! Jioni wanawake wote wa mtaa huu waliovuka sitini wana vifua vyeupe, tumekua tukiwaona hivyo, bibi zetu walikuwa hivyo. Nani angesema lile ni vumbi?

Hapo ningenyamaza. Ningeosha chujio, nikapika. Sikunyamaza. Nimetoka na soksi mkononi, nimemwambia, Mama, ni wewe! Siku zote ni wewe! Unaniua na poda yako! Nimesema na mengine, siyaandiki.

Aliangalia ile soksi.

"Yaani vumbi ni mimi," akasema.

Ameinuka, ameburuta kiti chake mpaka chumba cha nyuma. Nilitaka kumsaidia, akaniondoa mkono.

Jumatano, 21 Juni

Nyuzi 62.

Leo hajapaka poda. Kopo liko juu ya friji, mfuniko umekazwa. Chumba cha nyuma ni bati tupu, dirisha moja dogo linatazama ukuta. Ana kale kafeni kadogo ka mezani kanakogeuza kichwa kwa shida. Jasho linamtoka, anajifuta kwa kanga ya jikoni.

Kila asubuhi tangu nijue kusema namwomba baraka, naye ananijibu. Leo sikuomba. Hakuuliza mbona sikuomba.

Mashine ina raha. Mimi sina.

Alhamisi, 22 Juni

Nimemwambia arudi mbele. Nimemwambia nitasogeza feni, nitaweka kiti upande wa pili, apake poda atakavyo. Kanijibu hapana, fanya mtihani wako kwanza, hiyo kamera isije ikaniona nikaitwa vumbi na serikali pia. Kasema bila kucheka. Ningetamani angecheka.

Wascar amekuja kunijaribisha. Masharti ya mtihani: niwe peke yangu, mlango na madirisha vimefungwa. Tumefunga. Nusu saa tu — 79! Ameniambia chumba nacho ni kasha, mwalimu, umekifunga kote. Tumeondoa ubavu wa kompyuta, tukaielekezea feni ya kusimama. Ikashuka 66, ikakaa hapo. Kwa hiyo Jumamosi feni kubwa ni ya mashine, tumekubaliana.

Umeme ukikatika kuna inveta, ile mashine ya kutoa umeme kwenye betri. Betri zimezeeka. Zitabeba kompyuta, intaneti na feni moja, basi. Chumba cha nyuma hazifiki.

Wakati anaondoka Wascar kaniuliza, Na bibi? Nimemwambia amepumzika. Akaangalia kopo juu ya friji.

Ijumaa, 23 Juni

Nimesimama mlangoni kwake asubuhi, nikamwomba baraka. Akasema, Mungu akubariki, macho kwenye ukuta. Nimeipokea hivyo hivyo. Anadaiwa nini zaidi? Mimi ndiye niliyefungua mdomo.

Sijasoma tena. Nimechoka. Kilichoingia kimeingia.

Jumamosi, 24 Juni

Saa moja. Chujio safi. 58. Mama amekunywa kahawa, mkate hakugusa. Nimemwachia jagi la maji kando ya kitanda. Kaniambia, Nenda, nenda, utachelewa — kana kwamba napanda basi. Mtaa uko kimya, wote wamekwenda kwenye ngoma za sikukuu ya Mtakatifu Yohana, hata Wascar. Sehemu ya kwanza saa mbili mpaka saa nne na nusu. Mapumziko dakika ishirini. Halafu sehemu ya pili. Nafunga madirisha.

Mapumziko. Naandika kando ya kitanda cha mama.

Sehemu ya kwanza imekwenda vizuri! Naweza kusema vizuri. Saa tatu na dakika arobaini umeme ukakatika, inveta ikashika, mashine haikustuka. 67. 68. Feni kubwa inaipulizia mbavuni, nami najibu. Sikufikiria kingine. Hilo ndilo ninaloliandika: karibu saa nzima umeme umekatika, na sikufikiria kingine.

Kengele ya mapumziko ilipolia nimekuja huku. Amekaa ukingoni mwa kitanda, gauni limelowa lote, macho nusu wazi. Kafeni kake kamesimama. Jagi tupu limelala chini. Midomo imekauka.

"Mama! Mbona hukuniita?"

"Ile kamera ingesikia."

Nimempa maji, kijiko kwa kijiko. Nimemlaza. Nimelowesha taulo, nimemwekea shingoni. Bati linaunguza, hewa ya humu haisogei. Nimefungua mlango wa uani, jua tupu. Nimempigia Wascar mara tatu, hapatikani. Nimegonga kwa jirani wa kulia, wa kushoto. Hakuna mtu. Ngoma zinasikika kwa mbali.

Nikimpeleka mbele kamera itamwona, nimetoka. Nikimwacha —

Nimekwenda mbele, nimechomoa feni. Nilipoichomoa mashine ilikuwa 69. Nimeunga waya mrefu kutoka kwenye inveta mpaka huku. Sasa feni iko hapa, inampulizia. Nywele zake zinacheza. Rangi inarudi usoni, nadhani inarudi. Anapumua kwa kinywa. Nimekwenda kuchungulia kioo mara moja: 76. Nimekwenda tena: 80. Wascar alisema ikifika 95 inajizima yenyewe. Sehemu ya pili inachukua saa mbili na nusu.

Najua hesabu. Nafundisha historia lakini hesabu najua.

Dakika saba zimebaki.

Nikimwacha na feni, je, saa mbili na nusu peke yake? Na akitaka kusimama? Na akitaka maji? Hataita. Sasa najua hataita.

Nimemwambia, Mama, samahani kwa yale ya Jumanne. Amefungua macho, amenitazama kama mtu anayetafuta jina. Halafu akalipata.

"Yoki. Umeshamaliza?"

Nimemwambia ndiyo.

"Vizuri. Basi kaa."

Ameushika mkono wangu wa kushoto, ameufumbata. Naandika kwa wa kulia. Kule mbele mashine imeanza kupandisha sauti, naisikia mpaka huku. Dakika nne.