Bugali Juu ya Kopo ya Gazi

Na ile bugali ikaenda yote mu vumbi, Baba Mapendo. Yote. Mbele ya mulango ya butiki ya Haji kule Nyamityobora, batu banapita, na kuku moja nyekundu ikatoka sijui wapi, ikaanza kuidonoa moto hivyo hivyo. Resho, ile jiko ndogo ya gazi, ikaanguka upande huu, sufuria upande ule, na mwiko wako ukabaki mu mukono yangu, umesimama mu hewa kama vile mimi ni padri nabariki batu. Haji akashika kichwa. "Jaja! Jaja! Utachoma duka!" Jaja njo namna banaita nyanya huku Mbarara. Mimi ni nyanya yake tangu lini? Fyuu.

Mama Neema njo anaandika, ule wa nyumba ya pili, juu kalamu na mimi hatujuane, wewe unajua. Nimemuambia aandike sawa nasema, asitengeneze. Sasa ananiangalia. Andika, Mama Neema. Bwana yangu alipenda nikisema mingi. Alilala vizuri nikisema.

Tangu uliondoka, bitu bimebadilika kidogo. Mihogo imekubali. Paa inavuja upande wangu wa kitanda, basi nalala ku upande wako. Na binti yako Mapendo, njo neno yenye imenikalisha hapa na Mama Neema, anataka kupanda ku mulima.

Mulima yako ile ile. Rwenzori, ya barafu. Bale bakubwa benye kupeleka bazungu kule juu balimutumia neno: bapagazi banalia njaa, mupishi ule mupya anabapa uji ya maji, na balisikia binti ya muzee Bonifasi anajua kukoroga. Akakubali mbele ya kuniuliza. Mimi! Mimi mwenye nilisimama ku matanga yako, batu bote banasikia, katekista anasikia, nikasema: hakuna mutoto wa hii tumbo atakanyaga kule tena.

Juu kitu yenye ilikuua mimi naijua. Muganga alisema mapafu. Asome makaratasi yake. Mimi nilikuona unashuka na kile kikohozi, manguo yote inanuka gazi, ile harufu ya yai yenye imeoza, mpaka mu mashuka. Ulikuwa unapika ndani ya tenti, mulango umefunga juu ya upepo, unavuta ile kitu asubui na mangaribi. Na kulala, unalala nayo! Ulikuwa unacheka ukiniambia: "Kopo ikipata baridi, moto inakuwa muvivu, lazima nilale nayo mu kwapa." Mimi niko hapa Kashojwa, mu kambi, peke yangu mu kitanda, na bwana yangu amekumbatia kopo. Inanichukiza mpaka leo.

Lakini wewe kila kitu yenye kunuka uliona ni tamu. Yale maziwa ya Endiinzi, si uliniletea siku moja mu kidumu, inanuka moshi kama nyumba imeungua? Ukasema, hapana, bale bafuga ng'ombe banafukiza chombo, njo utamu wake. Nikakunywa sababu yako. Nikaenda kutapika nyuma ya nyumba.

Nilikuwa nasema nini? Resho.

Mapendo akatoa ile yako ya zamani mu gunia. Imekufa. Fasi ya kuzungushia imekulika, inapumua gazi pembeni. Anasema lazima apate ingine, na iwe nyepesi, juu ku mulima mupishi anajibebea jiko yake mwenyewe ku mugongo. "Mama, tuende wote Mbarara?" Nikasema tuende. Alishangaa namna nilikubali haraka. Nikabeba unga ya mihogo mu kitambaa, na sufuria, na mwiko wako, ule ulikata mupini yake ili usilemee. Hakuniuliza ni vya nini.

Ule Haji ni mutu mwembamba, ndevu ya hina, anauzisha bitu byenye bazungu banaacha bakishuka. Tenti, biatu, na masoksi. Masoksi ya mutu hujui hata jina yake, Baba Mapendo, na matundu yake, ametundika sawa nyama ya buchari! Na resho amezipanga pale chini ya masoksi. Nilifunika pua na kitenge. Mapendo ananifinya mukono.

Akatuletea ile nyepesi. Ni kichwa tu ya chuma, ndogo kama ngumi ya mutoto, na tumiguu ya kukunja kama ya panzi. Unaizungusha juu ya kopo, kopo njo inakuwa muguu yake. Mapendo akaipima mu kiganja, akacheka peke yake. "Mama, shika. Haina uzito hata." Na Haji, na Kiswahili yake ya kuvunjika: "Nyepesi sana, nyabo! Wazungu yote nataka hii. Nachemsha maji, namwaga kwa pakiti, nakula, kwisha!" Akatuonyesha na pakiti yenyewe. Nyama imekuwa unga, muchele imekuwa unga, karoti imekuwa unga. Chakula yenye imekufa mara mbili. Nikanusa. Wee! Afadhali masoksi.

Nikamuambia: "Bapagazi habakule pakiti. Washa."

Akawasha, akifikiri nataka kuona chai. Maji ikachemuka haraka, nisiseme uongo, haraka kuliko makala. Njo nikafungua kitambaa yangu. "Jaja, nini hiyo?" Nikapiga magoti. Bugali ya mihogo ikisha kukamata haikorogwe na vidole viwili, unasukuma na bega. Ku mafiga nashika sufuria na miguu. Pale nishike nini? Ile kitu imesimama juu ya kopo sawa kuku yenye inasinzia na muguu moja. Nikasukuma. Ikatikisika. Nikasukuma tena.

Na nilitaka ianguke. Mama Neema, hapo andika vizuri. Nilisukuma kama vile natwanga.

Nikapangusa magoti, nikasema: "Umeona? Hakuna resho ya mulima. Turudi nyumbani." Batu banacheka, na kijana moja juu ya boda yake analalamika: "Mama, sasa kuku imekula, sisi tunakula nini?" Nilifurahi, Baba Mapendo. Vumbi mu bugali, na mimi nafurahi.

Mapendo akatoa mwiko mu mukono yangu, akaupangusa ku nguo yake, akamuonyesha Haji resho ingine, yenye ilikuwa chini kabisa. Ile ina miguu mirefu imepanuka kama buibui, inalala karibu na udongo, na kopo inakaa mbali kidogo, tiyo, ule mupira mwembamba, njo inaleta gazi. Haji mwenyewe akamuambia inalemea. Yeye akasema tu hivi: "Nitabeba."

Akachota unga yenye ilibaki. Akapiga magoti. Na...

Kiwiko, Baba Mapendo. Alitoa kiwiko inje, hivi, sawa yako. Na ulimi mu kona ya kinywa. Nani alimufundisha? Alikuwa anakuangalia saa ngapi, ule mutoto mwenye kila siku alikuwa anakimbia kuosha byombo? Nikageuka nikaangalia masoksi. Nikayaangalia sana.

Resho haikutikisika hata kidogo. Bugali ikakamata, ikaanza kung'aa. Haji akakata kipande na vidole, hakuomba, akasema bismillahi, akafunga macho. Ule wa boda naye akashuka. Mboga hakuna, chumvi hakuna, banakula tu. Mapendo akaniletea yangu mu kiganja yake. Nikakula. Ilikuwa muzuri. Ilinichukiza namna ilikuwa muzuri.

Basi tulirudi na ile buibui mu gunia, juu ya mapaja yangu, inanichoma miguu. Mu njia ananiambia, "Mama, kopo mimi sitalala nayo mu kwapa sawa Baba. Nitaifunga ku mugongo na kitenge nikitembea, ipate joto." Ku mugongo! Bibi ba rika yake banabeba batoto, yeye abebe gazi. Na siku yenye atanipa mujukuu nitamubembeleza namna gani, nimuulize kama amejaa gazi? Nilifyonya mpaka mate ikakauka.

Lakini nilimupeleka kwako, ulituona. Nikamuapisha pale ku kaburi: mulango ya tenti inabaki wazi akipika. Upepo ikuje, barafu iingie, bapagazi bakule bugali baridi, hainihusu. Wazi. Aliapa na mukono juu ya musalaba yako, na wewe unajua ule mutoto haape ovyo.

Sasa ile neno nilisema ku matanga lazima niimeze, na ni mbaya mu kinywa kuliko yale maziwa yako. Majirani batasema mama ule hana neno. Baseme. Wewe lala, Baba Mapendo. Nafikiri fasi uko hakuna baridi, wacha kukumbatia makopo. Nami nakuahidi hivi: akishuka na kikohozi hata ya uongo, ile buibui naenda kuitupa mu ziwa mimi mwenyewe, na samaki bakufe. Akishuka muzima, naibeba mpaka hapo ulipo, nakupikia bugali juu yake, na ile harufu nitaivumilia.

Unasikia? Ananiita. Yuko mu jikoni anaijaribu tena. "Mama! Kuya, na ukuye na kitenge!" Kile cha maua mekundu njo anataka, chenye nilimubebea ku mugongo tukikimbia vita. Nilimuambia kiliisha zamani. Nimekikalia hapa tangu asubui. Mama Neema, wacha kalamu, nipe mukono nisimame.

Nakuya! Nakuya nacho! Lakini fungua mulango kwanza, we Mapendo! Fungua mulango!