Chumba cha Dada Ningtyas

Wonosari,
9 Agosti 1993

Mpendwa Shangazi Murtinah,

Leo nitakueleza yote, hata yale ambayo Baba angependa niyaruke.

Kwanza, hujambo huko Balikpapan? Mgongo umepoa? Sisi tu wazima, ila tumechoka mpaka miguu inauma tukiwa tumelala.

Wiki nzima tumekuwa tukishuka Yogyakarta kumtafutia Dada Ningtyas chumba karibu na chuo. Masomo yanaanza mwezi ujao. Baba amesema Dada asipopata nyumba ya wasichana peke yao, yenye mama anayefunga geti jioni, atakaa nyumbani mpaka mwakani. Dada alikwenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Kinachotuchosha, Shangazi, ni adabu. Kila nyumba Baba anakaa, anangoja kukaribishwa chai, kisha anaulizia afya na mvua. Mwenye nyumba naye anaulizia mihogo yetu. Chumba hakitajwi. Tunashukuru, tunaaga, tunatoka.

Njiani Dada anauliza, "Sasa Baba, kipo au hakipo?"

"Mtu mzima haulizwi hivyo. Angekuwa nacho angekitaja."

Jana tulikuwa kwa Bu Darmi, mjane mwenye nyumba safi nyuma ya chuo. Chai ilikuwa bado mbele yetu, hatujakaribishwa kuinywa, akaingia msichana wa Medan, mji wa mbali usiojua adabu zetu, na begi lake.

"Mama, kuna chumba?"

"Kimebaki kimoja, mwanangu."

"Basi nakichukua."

Bu Darmi alitugeukia, akasikitika kweli. "Jamani, Mzee Wiryo! Si ungesema? Nilidhani mmekuja kunisalimia tu."

Kwenye basi Dada alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha, machozi yakaendelea.

Mama na Bibi wanakusalimu sana. Nibusie Bayu mdogo. Mungu awalinde nyote na awape usingizi mzuri kuliko wetu.

Baba aliniambia niandike salamu tu, wewe mwenyewe utaelewa tunachohitaji. Lakini chai tumekunywa ya kutosha, kwa hiyo unisamehe, nauliza kama yule wa Medan: yule Bu Sumirah uliyepanga kwake ulipokuwa chuoni, utamwandikia sasa hivi umwombee Dada chumba, unijibu kwa posta ya kwanza?

Mwanao anayekukumbuka kila siku,
Rumanti