Baba, Diski Haikuharibika

Baba yangu, Mwalimu wa Ipililo,

Mwangaluka, baba. Nakuandikia nikiwa mezani kwangu ofisini hapa Bariadi, wenzangu wametoka kwenda kula mchana. Kuna jambo nilipaswa kukwambia ukiwa hai, nikalikimbia. Sasa nalisema mbele ya yeyote atakayesoma, kwa sababu nilipokuwa na nafasi ya kukwambia wewe peke yako, niliitumia kusema uongo.

Unakumbuka nilivyokuwa nikikuuliza habari za mama. Nilikuwa na miaka minne alipofariki kwa uzazi, yeye na mtoto, na sina kumbukumbu yake hata moja. Si sura, si sauti. Nilipokuwa darasa la tatu nilikuuliza alikuwaje. Ulisema, "Alikuwa mtu mzuri," ukachukua fimbo ukaenda kuangalia ng'ombe. Nilipomaliza kidato cha nne nikauliza tena, ukajibu vilevile, na fimbo ilikuwa mkononi kabla sijaongeza neno. Darasani uliweza kufundisha saa nzima bila kufungua kitabu, lakini jina la mama, Minza, lilikushinda kulitamka.

Ndiyo maana sikutegemea ulichofanya siku ile nilipokuletea kompyuta yangu ya zamani, baada ya kustaafu kwako. Uliniuliza folda inatengenezwaje. Nikakuonyesha. Ukaandika jina la mama kwa herufi kubwa, herufi moja moja, kisha ukasema bila kunitazama:

"Kusema siwezi, mayu. Nitaandika. Utasoma nikimaliza."

Mayu. Mama. Uliniita hivyo tangu utoto wangu, kwa kuwa nimerithi jina la mama yako.

Uliandika miaka minne. Kila Jumamosi nilipokuja nilikukuta kibarazani, miwani imeshuka puani, vidole viwili vikitafuta herufi kama kuku anayedonoa mtama. Hukuridhika na yale uliyoyajua peke yako. Ulipanda baiskeli ukaenda kwa wazee waliomfahamu mama alipokuwa msichana, ukawarekodi kwa simu, na mimi nikakuhamishia sauti zao kwenye folda ile na kuzifuta kwenye simu ili ipate nafasi. Bibi mzaa mama alizungumza nawe asubuhi nzima, Kisukuma kitupu, na mwaka uliofuata tukamzika. Sikusikiliza hata dakika moja. Nilikuwa nimekuahidi kwamba sitafungua kitu mpaka umalize, na nilijivunia uaminifu wangu.

Kisha kompyuta ikaanza kuchoka. Iliganda katikati ya sentensi, ikajizima yenyewe. Nikakwambia dawa yake ni kuipeleka kwa fundi apige windo upya, yaani afute kila kitu kilichomo na kuianzisha kama mpya, ila kwanza tuhamishie kazi yako kwenye diski ya nje. Nilikuja nayo Jumamosi, nyeusi, ndogo kuliko kitabu cha nyimbo. Uliigeuzageuza mkononi ukauliza kama kweli miaka minne inaweza kukaa humo. Nikacheka. Nikakwambia hata shule nzima inaweza kukaa humo.

Ulivuta kiti ukakaa pembeni yangu. Nilichomeka waya, nikaichukua MINZA pale ilipokuwa kwenye uso wa kompyuta, nikainakili kwenye diski. Haikuchukua muda wa kukohoa.

"Mbona haraka hivi?" ukauliza.

"Vitu vya siku hizi vina kasi, baba," nikajibu.

Uliuliza swali ambalo mimi, katibu muhtasi ninayetunza mafaili ya ofisi nzima, nilipaswa kujiuliza. Kile nilichonakili hakikuwa folda. Kilikuwa ni kile kialama chenye mshale mdogo, ambacho nilikuwekea mwenyewe mwanzoni ili usihangaike kuitafuta folda ndani ya kompyuta. Kilionyesha njia ya kwenda kwenye maandishi yako, lakini ndani yake hakukuwa na neno hata moja. Sikukagua. Nilichomoa waya, tukala michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, nikaondoka na kompyuta yako mgongoni. Jumatatu fundi akaifuta yote.

Jumamosi iliyofuata nikaleta kompyuta, nyepesi kama mpya. Ukachomeka diski wewe mwenyewe, ukabonyeza MINZA. Kompyuta ikajibu kwamba kinachotafutwa hakipo. Ukabonyeza tena. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako, nikakiona kile kimshale, na nikaelewa papo hapo. Ukageuka ukanitazama ukisubiri nikueleze, na nilichosema ni hiki:

"Diski imeharibika, baba. Itakuwa ilipata mtikisiko nilipoibeba kwenye pikipiki."

Ulivua miwani ukaifuta kwa ncha ya shati. Mwishowe ukasema, "Vitu huharibika," ukatoka kwenda zizini, na hukurudi mpaka ng'ombe walipokuwa wamekwisha kukamuliwa.

Niliirudisha kompyuta kwa fundi nikamwomba atafute mabaki. Alihangaika nayo wiki nzima. Alichopata ni vipande vya maneno visivyoungana, na sauti moja iliyodumu sekunde chache, kikohozi cha mzee fulani, basi. Aliniambia kwamba vitu vipya vimeshaandikwa juu ya vya zamani. Nilimshukuru, nikaenda kukaa kituo cha mabasi bila safari yoyote, kwa sababu nyumbani ningeulizwa kwa nini nalia.

Nilirudi kwako na jibu hilo, na uongo nikauacha palepale ulipokuwa. Nilijiambia nitakueleza ukishatulia. Mavuno ya pamba yakapita. Ulinipokea kila Jumamosi kama kawaida, ukaniulizia kazi, ukanifungia maziwa mgando ya kuondoka nayo. Diski ilibaki kwenye kabati lako. Kompyuta hukuigusa tena. Nilipoona daftari na kalamu kwenye meza yako sikuuliza ni za nini. Niliogopa kwamba swali moja lingevuta lingine.

Halafu ikaja simu ya shangazi Holo, uliyeishi naye, kwamba umeanguka shambani. Walipokufikisha hospitali hapa mjini, upande wako wa kulia ulikuwa umelala na mdomo umepinda. Siku tatu nilikaa kwenye kile kiti kando ya kitanda chako. Asubuhi ya siku ya pili ulikuwa macho kabisa, unanifuata kwa jicho kila ninapogeuka, na nikajua kwamba saa yangu ndiyo ile. Nilianza. Nilisema, "Baba, ile diski." Ukaukaza mkono wako wa kushoto kwenye wangu na kutoa sauti, ukarudia, ukarudia, lakini haikuwa maneno. Nikaogopa kwamba nakuumiza. Nikanyamaza, nikakupangusa mdomo, nikaongelea mvua. Kesho yake ukatutoka.

Tulipoanua matanga, shangazi aliniita chumbani kwako akafunga mlango. Alinipa daftari lako. Nilimwambia, nikilia, kwamba ni mimi niliyekupotezea kazi ya miaka minne. Nilifikiri atashtuka. Yeye alikaa kitandani akasema polepole:

"Alijua, Kabula. Alipokwenda Bariadi kwa mambo ya wastaafu aliibeba ile diski akaipeleka kwa yule fundi, aitengeneze. Fundi akamwambia ni nzima, tatizo ni kilichonakiliwa. Aliporudi aliniambia, 'Haikuharibika. Mtoto alikosea, akaogopa.' Nikamwambia akuite akukanye. Akakataa. Alisema, 'Nikimwambia najua, atalia mara mbili.'"

Baba, sijui nilie mara ngapi. Jumamosi zile zote ulikuwa unajua. Uliponifungia maziwa ulikuwa unajua. Ulinitazama nikiwa na uongo wangu mdomoni ukaniulizia kazi. Watu huniambia hiyo ni faraja, kwamba ulikuwa umeshanisamehe. Sijaiona bado. Ninachoona ni wazee wawili kwenye nyumba ile wakibeba mzigo wangu ili mimi nisiinamishwe nao, na mimi napita katikati yao nikidhani nimeuficha.

Daftari lina kurasa kumi na moja. Nilizisoma siku hiyohiyo, nimekaa sakafuni. Umeanza na wewe mwenyewe, mwalimu kijana uliyetumwa Maswa peke yako siku ya kuuza pamba, badala ya babu. Umeandika joto la siku hiyo, magunia yaliyopangwa, mashati ya watu yaliyojaa nyuzi nyeupe. Umeandika kwamba mbele yako kwenye foleni ya mizani kulikuwa na msichana na mama yake, na kwamba msichana alikuwa na kovu dogo juu ya jicho la kushoto. Miaka thelathini na tano nimeishi, na sikujua kwamba mama yangu alikuwa na kovu. Kisha umeandika, "Akageuka akaniuliza," na hapo kalamu imeishia. Ukurasa uliobaki ni mweupe.

Nimemuuliza shangazi mama aliuliza nini. Hajui, maana hakuwapo. Nimekwenda kwa ndugu za mama. Hawajui. Waliojua ni watatu: bibi, ambaye huenda alilieleza swali hilo katika ile asubuhi yake ndefu, mama mwenyewe, na wewe.

Nimezichapa kurasa zote kumi na moja, na makosa yako mawili ya tahajia nimeyaacha. Nimezinakili kwenye diski mbili, moja iko kwa shangazi Ipililo na nyingine kwangu, na kila moja nimeifungua na kuisoma kuanzia mwanzo mpaka mwisho kabla ya kuchomoa waya. Ile sentensi ya mwisho sijaiwekea nukta.

Nisamehe kwa kutokagua. Kwa lile la pili, la kukuacha ufe bila kuusikia ukweli kinywani mwangu, siombi leo. Nitaliomba tukionana.

Pumzika, mwalimu wangu. Na kama uko na mama, mwambie binti yake anaulizia lile swali lake la kwenye mizani.

Mayu wako,
Kabula