Treni Iliyosimama Bungoma

Kitale,
18 Novemba 2007.

Kwa kaka yangu Salman,

Assalaam alaykum. Naomba karatasi hii ikukute mzima, na kile kikohozi ulichoondoka nacho hapa kiwe kimekuachilia. Ukiuliza habari zetu, Shangazi Hibo anasumbuliwa na magoti kwa ajili ya baridi, na mimi niko, naenda shule, narudi. Ningependa kuandika kwamba sote hatujambo, kama tulivyofundishwa kuanza barua, lakini nyumba hii imepungua mtu na mkono wangu umekataa.

Thuo wa pikapu ya kabeji alileta salamu zako kutoka Bungoma Jumatano. Alisimama mlangoni akasema ati ulikuwa unakunywa chai alipokupa habari za hapa, ukaweka kikombe chini, ukamuuliza ni mwongo gani huyo anayesema ulikuja Kitale kumwona Baba kabla hajafa. Akasema uliapa kwamba tangu uondoke hujavuka hata Kamukuywa. Shangazi alimjibu kwa ukali. Alisema Baba mwenyewe, kwa mdomo wake, ndiye aliyemwambia Salman amekuja na wameongea, na mtu anayekata roho hana haja ya kudanganya. Akamtuma Thuo akuulize ni mtoto gani huyo anayekuja kuchukua radhi ya baba yake, halafu anashindwa kuja kumtia mchanga. Hivyo ndivyo wanavyosema pia pale msikitini. Mimi nilikuwa nimeshika sufuria. Sikusema kitu. Unanijua.

Kaka, hukuja. Mimi najua hukuja, na najua kwa nini Baba alisema umekuja. Nivumilie nianzie mbali kidogo, kwenye chumba cha treni, kwa sababu yote yalitokea mle.

Unakumbuka Mzee Harnam wa hardware alipomletea Baba lile sanduku la treni ya kuchezea ya umeme, la watoto wake waliohamia Uingereza. Treni zenyewe zilikuwa zimeacha kufika Kitale, na Baba alikuwa anashinda kitini akiangalia saa kama mtu aliyechelewa kazini. Sanduku lile lilimwinua. Aliomba plaiwudi, akapanga njia kuzunguka chumba chako chote: Kitale upande huu wa mlango, kisha Moi's Bridge, Soy, Leseru penye njia panda, Turbo, Webuye, mpaka Bungoma upande ule wa pili wa mlango. Majirani walicheka. Walisema mtu wa kwenda Bungoma si anapita tu hapo Kiminini, mbona Mzee Alwi anawazungusha watu Leseru? Baba akawajibu kwamba barabara ni ya watu wenye haraka. Na Mlima Elgon tuliufanya kwa magazeti na gundi ya unga wa ngano, panya wakaula upande wote wa Uganda, Baba akasema hiyo si kazi yetu, waachiwe serikali ya kule. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Mahindi ya Kiminini yalikuwa nywele za miswaki, na mimi ndiye niliyeyapaka kijani.

Halafu ile pete. Kazini kwake relini, dereva hakuruhusiwa kutoka stesheni mpaka akabidhiwe tokeni, ndipo ajue njia ni yake na hakuna treni inayomjia mbele. Baba alikata pete ya shaba kutoka bomba bovu la bafuni akaitundika kwenye msumari juu ya swichi. Mwenye pete mkononi ndiye anayeendesha. Kwenye waya hakukuwa na kitu cha kuizuia treni, ungebonyeza tu ikaenda. Lakini hakuna aliyewahi kubonyeza bila pete, hata wewe na utundu wako wote.

Siku Baba alipoambiwa mbele ya watu kwamba ulikuwa na wale vijana waliong'oa reli kule nyuma ya Kipsongo wakaiuza kwa watu wa vyuma chakavu, unajua alivyorudi nyumbani na unajua aliyokuambia. Sitayaandika. Ulitoa pete msumarini ukaitia mfukoni, ukasema basi na yeye hataendesha. Nilikuwa kwenye kamba ya nguo ulipopita getini. Nilitaka kukuita na sauti ikakataa.

Usilolijua ni kwamba aliitii pete hiyo mpaka mwisho. Kila asubuhi alifuta vumbi kwenye njia na hakugusa swichi. Mzee Harnam alimwambia aache utoto bana, atamkatia nyingine saa hiyo hiyo. Baba alikasirika kama siku ile yako. Alisema tokeni ikishatoka ni hiyo hiyo inayongojewa. Ukitengeneza ya pili, treni mbili zitakutana njiani na watu watakufa. Basi treni ikakaa Kitale. Kisha sukari ikamla macho, ikashuka miguuni, ikamlaza. Alianza kukataa chakula. Shangazi alihamia hapa kumtunza, akawa analala kwenye makochi, na mwishowe akasema meza ya treni ivunjwe ili apate chumba. Hakusema kwa ubaya. Fundi akaitwa.

Kesho yake ndiyo fundi angekuja. Ilikuwa alasiri, mvua inapiga mabati mpaka huwezi kusikia redio, na Shangazi alikuwa amekwama posho mill alikokwenda kusaga mahindi. Baba alikuwa amelala. Niliingia nikiwa nimevaa ile sweta yako ya kahawia, kwa sababu ya baridi tu, Kaka, sikuwa na nia yoyote. Nilitaka kuiona ikienda mara moja kabla haijavunjwa, na nilijua mvua itaifunika. Nikabonyeza. Ilitingishika kidogo, ikatoka Kitale polepole, ikipita kwenye maungio ya reli kwa ule mlio wake, ta-ta, ta-ta. Ilipokuwa inafika Soy, mvua ikakatika, jinsi mvua za huku zinavyokatika, kama mtu amefunga mfereji. Nyumba nzima ikabaki na sauti ya treni.

Baba akaita jina lako.

Niliachia swichi tu, treni ikasimama Soy. Nikasikia kitanda, kisha viganja vyake vikipapasa ukuta. Mtu tuliyekuwa tunamgeuza kwa shuka, Kaka, alikuja kwa miguu yake mpaka mlangoni, akanyoosha mkono, akapata sweta yako. Akaishika kwa mkono wake wote. Akasema umeirudisha. Hakuuliza, alisema tu, kwa sababu kwake yeye treni haikuweza kutembea kwa sababu nyingine yoyote.

Hapo ndipo ningesema ni mimi Nasro, nimevunja sheria. Neno moja lingetosha. Lakini mimi hata darasani, jibu ninalo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na linakaa kooni mpaka mwingine anyanyue mkono. Mwanzoni nilinyamaza kwa woga. Nataka uniamini katika hilo. Lakini baadaye nilinyamaza kwa kutaka mwenyewe, na hilo ndilo linalonikosesha raha, kwa sababu alianza kuongea na nikataka kusikia.

Haya ni yako, yote. Nimeyabeba na hayakuwa yangu. Alisema alikufukuza kwa aibu aliyopewa na watu, si kwa kosa lako. Alisema chuma kile kingeoza tu pale, kila siku mbuzi wa Kipsongo wanalala juu yake, na yeye akakifanya kuwa ndugu kuliko mtoto wake. Akasema amekusamehe siku nyingi, ila alikuwa anangoja uje kwanza, na kungoja huko kulikuwa ujinga wa mtu mzima. Akakuomba na wewe umsamehe. Akauliza Bungoma mnakula nini. Akaniambia, yaani akakuambia wewe, kwamba huyu dada yako haongei, anamlisha na kumwosha na haongei, na yeye Baba hajui kama anachukiwa. Kwa hivyo umwangalie, maana atabaki peke yake. Nilikuwa nimeshika mkono wake aliposema hivyo.

Mwisho akasema iingize stesheni vizuri, usiipige breki. Niliiendesha mpaka Bungoma. Alikuwa ameinamisha kichwa, akitaja kila kituo kwa kusikia tu. Iliposimama akasema sawa, safari imefika. Nikamrudisha kitandani na jioni hiyo akanywa uji wote. Alipouliza umekwenda wapi, ndipo sauti yangu ilipotoka, Kaka, baada ya kila kitu. Nilisema umerudi Bungoma kazini, utakuja tena. Shangazi akaingia na unga wake, akayakuta maneno hayo, Baba mwenyewe akamwambia umekuja na mmeongea, na fundi akaambiwa asije, kwa sababu mwenye chumba amerudi. Wiki haikwisha. Baba alifariki alfajiri akazikwa mchana huo huo, na namba yako tuliyokuwa nayo ilikuwa haiingii. Mpaka Thuo alipokupata huko sokoni, watu walikuwa wameshakuhukumu.

Basi mwongo uliyemuulizia ni mimi. Sijui kama nilimfanyia Baba wema au nilimwibia. Alikufa akiwa na amani iliyotokana na treni iliyotembea bila pete. Na wewe jina lako nimeliharibu mara ya pili, maana mara ya kwanza liliharibiwa na ile reli tu.

Jana nilimwambia Shangazi. Alinipiga kofi, kisha akakaa kwenye kizingiti cha chumba cha treni akalia mpaka kitambaa kikalowa. Baadaye akaniuliza yeye sasa atawatazama watu na macho gani. Nikasema nitawaambia mwenyewe siku ya arobaini, Jumamosi ya kwanza ya Desemba, wanaume wakitoka msikitini kuja kula hapa. Alinitazama kama ng'ombe aliyeongea. Hata mimi nimeogopa tangu niseme. Ukiwa umesimama karibu yangu nafikiri sauti itatoka. Usipokuja nitajaribu hivyo hivyo.

Thuo anasema kila Ijumaa anapakia Bungoma kurudi huku na kiti cha mbele kiko wazi. Shangazi anakusalimu, amesema niandike kwamba anakusalimu. Mzee Harnam alikuja kutoa pole, akasimama mbele ya ile meza, akavua miwani, akaondoka bila kuaga.

Treni bado iko Bungoma, pale alipotaka isimame. Sijaigusa. Njoo na pete uirudishe Kitale. Na kama uliitupa, au uliiuza pamoja na vile vyuma, njoo tu, nitakufungulia njia bila pete. Nimeshafanya hivyo mara moja.

Mwenyezi Mungu akulinde huko uliko.

Ni mimi mdogo wako,
Nasro Alwi